Nimelipa au mmelipa? Herufi zenye ukungu na uongo wa "hatusomi"

Kaa kwenye semina yoyote nchini hapa kwa zaidi ya saa moja, lazima utausikia ule msemo: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye maandishi. Anayeusema huwa anatabasamu, ukumbi unacheka, kisha chai inaletwa. Waandishi wa vitabu wanautumia kueleza kwa nini vitabu vyao haviuzwi. Maofisa wanautumia kueleza kwa nini wananchi hawakufika kwenye mkutano ambao eti "tangazo lilitolewa". Wenzangu wa magazeti, ambao mauzo yao yamekauka kama bwawa la kiangazi, nao wanautumia. Mimi nimeuchoka. Sibishi kwamba tungeweza kusoma zaidi ya tunavyosoma. Nabisha kwamba tunamhukumu msomaji bila kuangalia kwanza tumempa nini mkononi. Na tulichompa, mara nyingi mno, ni ukungu.

Nasema ukungu kwa maana yake ya kawaida kabisa, wala si tamathali ya semi. Herufi ambazo hazionekani sawasawa. Kingo zimevimba, tundu la "e" limejaa, "m" na "n" zimeshikana mikono. Watu wa fasihi hatupendi kuzungumzia haya, tunaona ni kazi ya mafundi kompyuta. Tunajadili usawiri wa wahusika kwenye riwaya ambayo msomaji wake alishindwa ukurasa wa tatu kwa sababu macho yalikuwa yanamtoka machozi.

Chukua asubuhi moja hapa Bagamoyo. Steshenari za kando ya barabara kuu na zile za karibu na stendi zina kazi moja inayofanana: mtu analeta simu, anasema "nitolee hii", kijana anaipokea kwa WhatsApp, anaifungua, anakodoa macho. "Hii haisomeki vizuri, bosi. Huna nyingine?" Hana nyingine. Hiyo ndiyo aliyotumiwa. Inaweza kuwa tangazo la viwanja, fomu ya shule, orodha ya waliopata mkopo wa kikundi, barua ya mtendaji. Iliandikwa kwenye kompyuta, ikatolewa kwenye karatasi, ikagongwa muhuri, ikapigwa picha kwa simu huku kivuli cha mkono kikiwa juu yake, ikarushwa kwenye grupu, mtu akaipiga skrinishoti, akairusha tena kwenye grupu lingine. Mwanzoni yalikuwa maandishi. Ikifika Kiromo au Zinga ni picha ya picha ya maandishi.

Na kompyuta ya kijana huyo nayo ina yake. Monita ni ya mtumba, inchi 17, ile ya umbo la karibu mraba. Ilitengenezwa ionyeshe vidoti 1280 kwa upana na 1024 kwa urefu, lakini mtu aliipunguza hadi 1024 kwa 768 "ili maandishi yawe makubwa". Kweli yamekuwa makubwa. Yamekuwa pia kama yameandikwa kwa wino juu ya kitambaa kilicholowa. Skrini bapa ina idadi yake maalumu ya vidoti, haina nyingine. Ukiilazimisha ionyeshe vichache, inabidi kila kidoti kigawanywe na majirani zake kwa kukisia. Ukiongeza kebo ya VGA iliyolegea, unapata na kivuli cha kijivu upande wa kulia wa kila herufi. Kuna kitufe mbele ya monita hizo cha kujirekebisha zenyewe. Sijawahi kuona mtu anakibonyeza.

Hebu tuingie ndani kidogo, kwa sababu ubishi wangu unasimama hapa.

Skrini ni kama mkeka. Ukitazama kwa mbali unaona ua, ukisogea unaona macho ya ukili, na kila jicho lina rangi moja tu. Huwezi kulikata jicho nusu. Mchoro wa herufi, yaani ule uliomo ndani ya faili la fonti, ni laini: una mikunjo, una unene wa namna kwa namna, na hauna vidoti hata kimoja. Kazi ya kompyuta ni kuuhamisha mchoro huo laini kwenye mkeka. Kidoti kimoja cha skrini tunakiita pikseli. Monita ile ya inchi 17 ina pikseli kama 96 kwa kila inchi. Printa ya leza ya kawaida huweka vidoti 600 kwenye inchi hiyohiyo. Kwa pikseli 96, herufi za pointi 12 zinapewa pikseli 16 za kuenea kutoka juu ya "k" mpaka chini ya "g", pamoja na nafasi kidogo. Herufi fupi kama "n" na "a" zinabaki na pikseli nane hivi za kimo. Mguu wa "n" unapata unene wa pikseli moja na kidogo.

Hiyo "na kidogo" ndiyo iliyowapiganisha mafundi wa dunia nzima kwa miaka zaidi ya thelathini. Pikseli moja na kidogo haipo. Ama uuweke mguu kwenye pikseli moja kamili, herufi iwe kali lakini nyembamba na umbo lake lipotoke, ama uutawanye kwenye pikseli mbili, moja nyeusi na moja ya kijivu, umbo libaki lakini kingo ziwe na ukungu. Apple walipotoa mfumo wa TrueType mwaka 1991 waliruhusu fonti kubeba maelekezo ndani yake, programu ndogo hasa, inayoiambia kila herufi: ukiwa na pikseli nane tu, weka mguu hapa, mkunjo pale. Microsoft walilichukua wazo hilo na kulishupalia. Kwao herufi huvutwa mpaka ikae kwenye gridi. Apple wenyewe baadaye walielekea upande wa pili, umbo la mchoraji liheshimiwe hata kama kingo zitalainika. Ndiyo maana maandishi yaleyale, fonti ileile, yanaonekana membamba na makali kwenye Windows na manene na laini kwenye Mac. Hakuna aliyeharibikiwa kompyuta. Ni maamuzi tu.

Mwaka 1998 Bill Gates alitangaza ClearType. Ujanja wake ni huu: kila pikseli ya skrini bapa ina vijisehemu vitatu vilivyosimama sambamba, chekundu, kijani na bluu. Ukiviwasha kimoja kimoja badala ya vyote kwa pamoja, unapata mkeka wenye macho mara tatu kwa upana. Ule mguu wa "n" wenye pikseli moja na theluthi sasa unawezekana. Ilikuja na Windows XP mwaka 2001, lakini ilikuja ikiwa imezimwa; mpaka Vista ndipo ikawa imewashwa tangu kiwandani. Kompyuta ngapi za XP zilifanya kazi kwenye ofisi zetu miaka kumi, kumi na mbili, bila mtu kuiwasha? Na hata leo ukinunua mashine ya mtumba ambayo fundi amezima "madoido" yote ili iwe na kasi, mara nyingi na ulainishaji wa herufi umekwenda nayo. Fundi anakuambia mashine imekuwa nyepesi. Ni kweli. Maandishi nayo yamebaki mifupa.

Mwaka 2018 Apple wakaacha kabisa kutumia vijisehemu hivyo kwenye Mac. Hoja yao inaeleweka ukiwa California: skrini zao sasa zina pikseli nyingi hivi kwamba jicho halizioni, ujanja wa nini tena? Ndivyo mambo haya yanavyokwenda. Kila uamuzi hupimwa kwenye skrini iliyoko mezani kwa anayeamua. Hawatuonei. Hawatuwazi tu, na hilo si kosa lao peke yao, kwa sababu na sisi hatujawahi kusema neno.

Na tungekuwa na la kusema, maana Kiswahili kina shida yake hapa ambayo Kiingereza hakina kwa kiasi hichohicho.

Andika "nimelipa". Halafu chini yake andika "mmelipa". Hesabu miguu iliyosimama kabla ya "elipa". Kwenye "nim" kuna miwili ya "n", mmoja wa "i", mitatu ya "m": sita. Kwenye "mm" kuna mitatu na mitatu: sita. Kinachotofautisha "mimi nimelipa" na "ninyi mmelipa" ni kidoti kimoja juu ya "i" na nafasi ndogo kati ya miguu, nafasi ambayo kwenye skrini ya steshenari ni pikseli moja. Ukungu ukiingia hapo, deni limehama mtu.

Lugha yetu inabeba mzigo mkubwa kwenye herufi moja. "Hulipa" maana yake ana desturi ya kulipa. "Hulipi" maana yake wewe hutoi kitu. "Atalipwa" na "hatalipwa" zinatenganishwa na herufi ya kwanza, ile ambayo picha iliyokatwa vibaya pembeni huimeza kwanza. Tunabandika nani, lini, nini na kwa nani ndani ya neno moja refu, tena kwa herufi nyembamba zilizosimama: i, l, n, m. "Kiwanja kililipiwa." Soma hilo neno la pili kwenye monita iliyopunguzwa rezolusheni uniambie unaona nini. Mimi naona uzio wa fito. Msomaji wa Kiingereza akipoteza herufi moja, neno zima bado linamsaidia kukisia, na sarufi imetawanyika kwenye maneno madogo ya jirani. Msomaji wa Kiswahili akipoteza silabi ya pili, amepoteza wakati wa kitendo. Na ile alama ya juu kwenye "ng'ombe" na "ng'oa"? Kwenye picha iliyorushwa mara nne inakuwa uchafu wa kioo. Watu wanaifuta kwa kidole.

Sasa lisemwe na la upande wa pili, maana kuna habari njema ambayo tumeichezea. Simu ya bei ya chini inayouzwa leo Kariakoo, yenye skrini ya inchi sita na nusu na pikseli 720 kwa 1600, ina pikseli kama 270 kwa inchi. Hiyo ni karibu mara tatu ya monita ya ofisini. Yaani muuza samaki pale sokoni ufukweni, mwenye simu ya kawaida kabisa, ameshika kioo kikali kuliko cha ofisa anayemwandikia. Tukimtumia maandishi, maandishi halisi, simu yake itayachora upya kwa kipimo cha kioo chake, yakiwa makali kabisa, na akitaka makubwa atayakuza, yatapangika upya mstari kwa mstari. Juani, pale ambapo kioo kinapoteza nusu ya ung'avu wake, ukali huo ndio unaomwokoa.

Sisi tunamtumia picha.

Picha nyingi za simu huhifadhiwa kwa JPEG, njia iliyobuniwa kwa ajili ya picha za watu na mandhari. Inaikata picha vipande vya pikseli nane kwa nane na kutupa yale ambayo jicho halitayakosa kwenye uso wa mtu au kwenye mawingu. Kwenye herufi, kinachotupwa ni ukali wa kingo, na badala yake unapata vumbi la kijivu kuzunguka kila mstari, kama mbu kwenye taa. Kila inapopigwa skrinishoti na kurushwa upya, vumbi linaongezeka. Ukuze kwa vidole viwili: ukungu nao unakua. Huwezi kutafuta neno ndani yake. Asiyeona, ambaye simu yake ingeweza kumsomea kwa sauti, anaambiwa tu kwamba kuna picha.

Mzee mmoja wa huku Kaole alipata tangazo la namna hiyo kutoka ofisi moja ambayo siitaji. Lilihusu mipaka ya mashamba, na mwenye pingamizi alitakiwa alilete kabla ya tarehe iliyotajwa. Mjukuu wake alisoma tarehe 8. Ilikuwa 6. Mzee akavaa kanzu yake safi akaenda tarehe 7, siku moja mapema kwa hesabu yake, akaambiwa dirisha limefungwa, na kijana wa mapokezi akamtolea ule msemo wa Mwafrika na maandishi. Mbele yake. Nililiona tangazo hilo kwenye simu yao. Ile namba ilikuwa doa lenye tundu mbili, au moja na nusu. Mtu yeyote angesoma nane.

Usidhani sita na nane zinawachanganya wazee wa pwani peke yao. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kunakili na kuskani zilikuwa zinabadilisha tarakimu zenyewe: sita zinatoka nane. Ili kupunguza ukubwa wa faili, mashine ilikuwa inatafuta alama zinazofanana na kuzitumia moja badala ya nyingine. Ikiwa herufi ni ndogo na ina ukungu, kwake sita na nane ni kitu kimoja. Mashine ya gharama, ofisini Ujerumani, haikuweza. Mjukuu wa Kaole ndiye tunamwita asiyesoma?

Ongeza na umri. Utafiti uliofanywa vijijini Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 40 na kuendelea walikuwa wameanza kushindwa kuona vitu vya karibu kwa sababu ya umri. Ni jambo la kawaida kwa binadamu wote. Tofauti ni nani ana miwani. Wengi hawana, au wana ile ya kuokoteza mnadani ambayo nguvu yake haiendani na macho. Mtu huyu ndiye mwenye shamba, ndiye mwenye kadi ya chama, ndiye mjumbe wa kamati ya shule. Tunamletea herufi za pikseli saba zilizopita kwenye JPEG mara tatu.

Nikisema hivi mbele ya wenzangu wanaonunua vitabu na kuandika mapitio, wanatikisa kichwa, wanakubali, wanalaumu serikali. Ngoja kidogo. Fungua kurasa zetu wenyewe za fasihi. Fonti nyembamba kama uzi, rangi ya kijivu juu ya nyeupe, ukubwa wa chungu. Mtindo huu una historia. Mwaka 2010 Apple walitoa iPhone ya kwanza yenye pikseli 326 kwa inchi, mwaka 2013 wakaleta iOS 7 yenye herufi nyembamba kila mahali, na wabunifu wa dunia nzima wakafuata. Kwenye kioo chao uzi huo unaonekana. Kwenye kompyuta ya maktaba yenye pikseli 96, mguu wa herufi nyembamba haufiki hata pikseli moja, kwa hiyo kompyuta inauchora kwa kijivu hafifu. Nawe ulishachagua kijivu tangu mwanzo. Kijivu juu ya kijivu. Mwongozo wa W3C kuhusu kurasa za mtandao unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na kuna zana za bure za kupima. Wabunifu wetu wa Masaki na Mikocheni wanazijua. Wananijibu kwamba nyeusi kamili "inapiga kelele". Acha ipige! Msomaji wangu yupo Mapinga kwenye daladala inayorukaruka, jua limemwangukia begani.

Najua jibu lingine linalokuja, na hili nalichukulia kwa uzito zaidi: haya ni mambo ya anasa. Kuna shule hazina umeme, kitabu kimoja wanakigawana watoto wengi, wewe unalia na kingo za herufi. Nakubali kuhusu umeme, nakubali kuhusu vitabu. Ila anasa ni kitu cha gharama, na hapa gharama iko wapi? Kurudisha monita kwenye rezolusheni yake halisi ni bure. Kuwasha ClearType ni bure, unaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, unachagua visanduku vitano vya maandishi unavyoviona vizuri, umemaliza. Kama herufi ni ndogo, kuna mpangilio wa kukuza maandishi asilimia 125 bila kugusa rezolusheni. Programu chache za zamani zitachukia, nyingine zote zitatii. Kubandika maneno ya tangazo ndani ya ujumbe badala ya kuyapiga picha ni bure, tena kunapunguza bando la mpokeaji. Tunalipia ukungu kwa bando, halafu tunaita ukali anasa.

Hapa pwani, isitoshe, suala hili lina mizizi mirefu kuliko kompyuta. Kabla ya herufi za Kirumi tuliandika kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo zinaishi kwa nukta. Tofauti ya "baba" na "papa" kwa maandishi hayo ni nukta moja chini ya herufi au nukta tatu. Waandishi wengi wa zamani hata hawakujisumbua, waliandika herufi moja kwa sauti zote mbili wakimwachia msomaji mwenye akili. Lakini waliojisumbua walijisumbua kwa sababu baba si samaki. Sasa chukua nukta tatu hizo uziweke kwenye mkeka wa pikseli nane. Hazitoshi. Zinakuwa kistari, au donge. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wake wa vita vya Wadachi hapa Mrima, wa akina Bushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, aliuandika kwa herufi hizo. J.W.T. Allen akauweka kwa herufi za Kirumi, ukachapwa kitabu mwaka 1960. Miswada ya aina hiyo imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS kule London, na mingi inasomwa leo kwa njia ya picha kwenye skrini. Mtafiti kijana anayeikuza mpaka nukta zinageuka mawingu, kisha anakisia, kisha anachapisha alichokisia, huyo anaitwa msomi. Tena kwa haki kabisa. Kukisia kwa mzee wa Kaole ndiko kunaitwa ujinga.

Mtoro bin Mwinyi Bakari ni wa hapa, wa Dunda. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 Carl Velten akachapisha kule Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake. Ni moja ya maelezo marefu ya kwanza ya nathari ya Kiswahili kuhusu maisha ya watu wetu, kuanzia uzazi mpaka mazishi. Waulize vijana wa Bagamoyo wangapi wamekishika. Kipo mtandaoni, watakuambia wakubwa, nini tena mnataka? Ndiyo, kama picha za kurasa za manjano zilizoskaniwa, herufi za karne iliyopita zimevimba kwa wino, na ukijaribu kunakili aya, mashine iliyozisoma inakupa "rn" mahali pa "m". Kitabu cha mtu wa Bagamoyo kwa lugha ya Bagamoyo, na mtu wa Bagamoyo hawezi kukisoma kwenye simu bila kuikuza na kuivuta kushoto kulia kila mstari. Kukichapa upya kwa maandishi halisi ni kazi ya watu wachache kwa miezi michache. Tuna chuo cha sanaa mjini hapa, tuna walimu wastaafu, tuna vijana wenye kompyuta. Hatuna ruzuku ya semina kuhusu hilo, labda ndiyo sababu.

Na fonti ipo. Hili ndilo linalonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Shirika la SIL, linaloshughulika na lugha za dunia, lilitengeneza fonti maalumu kwa watu wanaojifunza kusoma, yenye herufi zilizochorwa ili zinazofanana zisichanganywe. Wakaipa jina la Kiswahili: Andika. Ni ya bure, kwa leseni huria, unaipakua sasa hivi. Inatumiwa na watengeneza vitabu vya watoto sehemu nyingi duniani. Kwa miaka yote niliyopita kwenye ofisi na steshenari kati ya Makumbusho na Bagamoyo, sijawahi kukuta tangazo hata moja limeandikwa nayo. Nimekuta Comic Sans. Nimekuta ile ya mwandiko wa harusi, kwenye tangazo la kipindupindu.

Kama Andika haikupendezi, kuna Verdana, ipo tayari kwenye kila Windows. Matthew Carter aliichora mwaka 1996 kwa kuanza na vidoti vya skrini kwanza, mchoro laini ukafuata, na Tom Rickner akaiwekea yale maelekezo ya gridi herufi kwa herufi. Ni pana, haina mbwembwe, "i" na "l" na "1" zinajulikana. Iliwekwa wakati dunia nzima ilikuwa na skrini kama hizi zetu za mtumba. Kwa hiyo kwetu bado ni mpya.

Kizuizi cha kweli ninakifahamu, ni muhuri. Ofisi haipeleki maandishi matupu kwa sababu maandishi matupu hayana muhuri, na kisicho na muhuri mtu anaweza kukibadilisha akakirusha. Hofu hiyo ina msingi, matangazo ya uongo tunayaona kila wiki. Lakini muhuri ulioko kwenye picha yenye ukungu haumzuii tapeli, yeye ndiye anayependa ukungu kuliko sisi sote. Basi tangazo lijalo la mashamba litoke hivi: maneno yote ndani ya ujumbe, kwa herufi za kawaida, tarehe ikiandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe 6, yaani sita, na chini yake, kwa anayetaka kuuona, picha ya karatasi yenye muhuri.